Mfalme Aliyeshusha Sauti

Mara ya kwanza nilipoitazama niliongeza sauti ya runinga, nikidhani spika imeanza kuchoka. Ilikuwa ni ile hotuba ya asubuhi ya vita ya Agincourt, 25 Oktoba 1415, siku ya Mtakatifu Krispino, ambayo hata asiyeijua tamthilia yenyewe amewahi kuisikia ikinguruma mahali fulani. Laurence Olivier, katika filamu ya 1944, Uingereza ikiwa vitani, aliitoa juu ya mkokoteni. Kenneth Branagh naye, 1989, alipanda mkokoteni, na muziki ukampandisha zaidi. Nilikuwa nikimsubiri Tom Hiddleston apande. Hakupanda. Alisimama chini, palepale walipo wenzake wachache, akaanza kuzungumza kama mtu anayeagana na nduguze mlangoni.

Tamthilia ni *Henry V* ya Shakespeare, iliyoandikwa mwaka 1599. Toleo ni la BBC la 2012, katika mfululizo wa *The Hollow Crown*, chini ya mwongozaji Thea Sharrock. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara ninachokwenda kukitafuta ni huo ujasiri wa kushusha sauti.

Sisi tuliomsoma Shakespeare kwanza kwa Kiswahili, katika *Juliasi Kaizari* ya Mwalimu Nyerere, tulizoeshwa hotuba ya uwanjani: Antoni mbele ya umati, maneno yakirushwa na kelele zikirudi. Hotuba ile bila umati haisimami. Sharrock aliuliza swali ambalo nadhani waliomtangulia hawakulitilia maanani: hivi mfalme huyu anazungumza na nani? Katika maandishi, anamjibu mtu mmoja, Westmoreland, aliyetamani waongezeke askari elfu kumi kutoka nyumbani. Ni jibu ndani ya mazungumzo, ambalo mazoea ya jukwaani yaliligeuza kuwa mhadhara. Likirudishwa kwa wachache, kila neno linakuwa na mwenyewe. Mfalme anapowataja watakaozeeka wakionyesha makovu yao, kamera iko karibu kiasi cha kutufanya tuwaangalie usoni na kujiuliza yupi hatazeeka. Paterson Joseph yumo, akiwa Duke wa York. Anayejua mwisho wa York hawezi kumtazama kwa amani.

Runinga ni chombo cha sebuleni. Anayekemea ndani yake hutisha watoto na kuchosha wakubwa. Sharrock alikuwa mtu wa jukwaa (2007 aliongoza *Equus* huko London), na ningetegemea mtu wa jukwaa aje na mapafu yake yote. Pengine ni kwa sababu alijua jukwaa linadai nini ndipo akajua cha kuacha.

Kuna mtego mwingine aliouona. Shakespeare anamtanguliza mtambaji anayeomba radhi: ukumbi wetu ni mdogo, farasi hatuna, wawazeni wenyewe. Kamera haina udhuru huo, farasi inao. Basi mtambaji wa kazi gani? Mwongozaji mvivu angemfuta. Hapa amebaki, lakini kama sauti tu, ya John Hurt, kavu na yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyekwisha kuyaona haya na hana haraka. Haombi tena tuwaze farasi. Anatukumbusha kwamba tunachokiona kimekwisha kupita, maana filamu inaanzia mazikoni: Henry alifariki 1422, akiwa na miaka 35, akaacha mrithi mchanga wa miezi tisa. Ushindi wote unaofuata tunautazama tukiwa tumekwisha kuliona jeneza.

Nalo suala la Bardolph. Katika maandishi mfalme anapewa habari kwamba askari huyu ameiba kanisani na atanyongwa, naye anaafiki kwa maneno machache. Lakini mtazamaji aliyeanza na sehemu mbili za *Henry IV* katika mfululizo uleule amemwona Hiddleston huyuhuyu, akiwa mwanamfalme, akinywa na kucheka katika genge moja na Bardolph. Kumbukumbu hiyo inafanya kazi ambayo hakuna hotuba ingeiweza. Mwigizaji hahitaji kulia, anachohitaji ni kukawia kidogo tu kabla ya kusema.

Sikubaliani na kila kitu. Wamekata kisa cha wasaliti wa Southampton, na kwangu hilo ni pengo: pale ndipo mfalme anapomhukumu rafiki aliyelala naye chumba kimoja, na bila hapo ukatili wake unaonekana kuanzia Ufaransa.

Usiku wa kuamkia vita unalipa deni hilo kwa kiasi. Mfalme amejifunika joho la kuazima, anakaa na askari wasiomtambua, na mmoja wao, Williams, anasema wazi kwamba kama vita si ya haki, mfalme ana hesabu nzito ya miguu na mikono iliyokatwa. Hiddleston anabishana, ana hoja, na hoja zake si mbaya. Ila tazama macho yake Williams anapozungumza.

Mwisho tunarudi mazikoni. Mvulana aliyekuwa na jeshi, ambaye Shakespeare alimwacha na mizigo pale walipouawa wavulana wote, hapa ameachwa hai. Yupo, anatazama jeneza. Kisha picha inabadilika, na kwa mara ya kwanza tunauona uso wa ile sauti. Ni yeye, amezeeka.