Kijivu Gani? Le Samouraï kwenye DVD, Blu-ray na 4K

Chumba cha Jef Costello hakina kitu. Kitanda, madirisha mawili, na katikati tundu la ndege anayelia kila mara. Jef amelala anavuta sigara, na ukiangalia haraka unaweza usimwone kabisa. Kinachomtoa ni moshi. Hiyo ndiyo shoti ya kwanza ya Le Samouraï, muvi ya Jean-Pierre Melville ya 1967, na kwangu mimi ndiyo mtihani wa kila toleo lililowahi kuuzwa. Kama diski haiwezi kuonyesha moshi wa kijivu ukipanda mbele ya ukuta wa kijivu, hata usisumbuke kuendelea.

Wengi wetu tuliiona kwanza kama faili ya MB 700 kutoka kwa flashi ya mtu. Tuseme ukweli, ndiyo njia ambayo sinema ya Ufaransa imefika Nairobi kwa kizazi chetu, ukitoa wachache wanaokwenda Alliance Française. Shida ni kwamba faili ndogo inakuwa ndogo kwa kutupa kitu, na kinachotupwa kwanza ni tofauti ndogo ndogo za rangi ambazo programu inadhani jicho halitazikumbuka. Sasa Melville na mpiga picha wake, Henri Decaë, waliijenga muvi nzima juu ya hizo tofauti ndogo. Walitaka muvi ya rangi iliyo karibu kabisa kuwa nyeusi na nyeupe, hadi vitu vidogo kama lebo za chupa za maji vikapunguzwa rangi ili visipige kelele. Kwa faili ya MB 700 moshi wa Jef unakuwa miraba inayorukaruka. Halafu kuna lile jambo la kamera: inarudi nyuma huku lenzi ikivuta mbele, inasimama, inaanza tena, hadi chumba kinaonekana kama kinapumua. Melville alitaka tuhisi kichwa cha huyu jamaa hakiko sawa. Kwa faili mbovu unadhani laptop imekwama.

Kwa hivyo swali la toleo gani si la matajiri wa kukusanya diski peke yao. Kwa muvi zingine, sawa, hadithi utaipata tu. Hii hadithi yake inaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu: muuaji wa kulipwa anaua mwenye klabu, polisi wanamshuku, waliomtuma wanamgeuka. Ghost Dog ya Jim Jarmusch na The Killer ya John Woo zimeishi kwa kivuli chake, na kama umeona John Wick tayari unajua jamaa wa suti asiyeongea. Alain Delon haongei kwa karibu dakika 10 za kwanza. (DJ Afro mwenyewe angetoa jasho hapo.) Usipouona ukuta vizuri, hujaona muvi.

DVD ya Criterion ilitoka Marekani mwaka 2005. Kwa wakati wake ilikuwa kazi safi, na kijitabu chake bado kina thamani: insha ya David Thomson, neno la John Woo mwenyewe, na vipande vya mazungumzo marefu ambayo Rui Nogueira alifanya na Melville. Lakini DVD ya Marekani ina mistari 480 tu ya picha, basi. Ukuta wa Jef unaonekana kama umepakwa rangi moja na fundi mwenye haraka. Blu-ray ya 2017, yenye mistari 1080, inakuonyesha kwamba ukuta una madoa. Diski ya 4K ya 2024, iliyotokana na ukarabati mpya wa Pathé na Criterion, inakuonyesha kwamba madoa yenyewe yana umri tofauti, na zile chembe za filamu zinatembea juu yake kama vumbi kwenye mwanga. Kuna watu huona chembe hizo wakadhani picha ni chafu. Hapana. Hizo ndizo filamu yenyewe, na anayezipangusa anapangusa na ngozi za watu pamoja nazo.

Kuhusu sauti kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. DVD za Ulaya zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, ule ule wa televisheni zetu za zamani. PAL inacheza picha 25 kwa sekunde, wakati filamu ilipigwa 24. Njia ya kawaida ya kuziba pengo hilo ilikuwa kuiharakisha filamu nzima kwa asilimia 4. Muvi ya dakika 105 inaisha kwa karibu 101. Kwa muvi ya kufukuzana magari labda hutajali. Hapa Jef ameketi ndani ya Citroën ya wizi, anajaribu funguo moja baada ya nyingine, macho mbele, mvua kwenye kioo. Melville amepima subira yetu kwa sekunde, na PAL inamwibia hizo sekunde. Piano ya François de Roubaix inapanda juu kidogo, na yule ndege pia. Na ndege si pambo: ni yeye anayemjulisha Jef kwamba kuna mtu ameingia chumbani akiwa nje. Blu-ray na 4K zote zinacheza kwa kasi halali, na sauti ni ya mono kama ilivyokuwa 1967. Hakuna aliyejaribu kuzungusha mvua kwenye spika tano, na tushukuru.

Lakini mimi nikipata toleo jipya, baada ya ule moshi, ninakimbilia kwa Cathy Rosier. Yeye ndiye Valérie, mpiga piano wa klabu, mwanamke Mweusi kutoka visiwa vya Karibi vya Ufaransa. Jef akitoka kuua wanakutana uso kwa uso kwenye korido. Anamwona vizuri kabisa. Baadaye, kituoni, anawaambia polisi kwamba si yeye. Muvi nzima kuanzia hapo inaning'inia kwenye uso wake: kwa nini amedanganya? Amemhurumia, au ametumwa? Melville hatoi jibu, anatupa uso tu tuusome.

Na uso huo ndio ambao matoleo duni yanaupoteza kwanza. Filamu za rangi za miaka hiyo zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe, kwa hivyo Decaë alianza na kifaa kilichompendelea Delon. Ukiongeza juu yake faili iliyobanwa au DVD yenye mistari michache, sehemu za giza zinamezana, na Rosier anabaki macho na meno. Unasoma muvi tofauti kabisa: Mzungu mwenye siri na kando yake kivuli kizuri. Kwa 4K, kwenye korido ile, kuna kitu kinapita usoni mwake kabla hajaamua lolote, kitu kidogo kama mtu anayehesabu. Nilirudisha nyuma mara tatu. Sasa ninaamini kwamba anamtambua Jef kama mtu wa kazi, jinsi yeye alivyo mtu wa kazi, na kwamba uongo wake kituoni unaanzia pale. Unaweza kukataa tafsiri yangu, lakini kwa DVD huna hata cha kukataa.

Ndiyo maana vipengele vya ziada vinaniudhi. Kutoka 2005 hadi 2024 mengi ni yale yale: Nogueira, Ginette Vincendeau, na mahojiano ya zamani ya televisheni ambamo Rosier yumo pamoja na wengine. Kilichoongezwa na Blu-ray ni filamu fupi juu ya Melville na Delon. Wanaume hao wawili tena! Kizuri, lakini huko tulishafika.

Tukija kwa mfuko, hapa ndipo inakuwa kichekesho. Ramani ya DVD iliweka Kenya kanda ya 5 na Marekani kanda ya 1, kwa hivyo mashine halali ya huku iliikataa ile diski ya 2005. Blu-ray ikatuweka kanda B, na Marekani A. Ile ya 2017 ikakataa pia. Diski za 4K hazina kanda, kwa hivyo ile ya 2024 inakubali kwenye PS5 yenye mlango wa diski, hata ile ya jamaa wa FIFA wa mtaani. Lakini ndani ya boksi hilo la karibu dola 50, kabla ya usafiri na ushuru, vipengele vya ziada vimewekwa kwenye diski ya pili, ambayo ni Blu-ray ya kanda A. Muvi inacheza, mahojiano yanakataa. Rosier akifungua mdomo kuongea kama yeye mwenyewe, mashine inakuambia hapana.

Sitakuambia ununue. Changeni watu watano, mtafute mwenye PS5 na skrini ya maana, mzime taa. Ukiwa na laptop tu, tafuta kitu kilichotoka kwenye Blu-ray, kisichopungua GB 8, na VLC haitakuuliza unatoka kanda gani. Kuhusu kama kijivu cha 2024 ndicho kijivu chenyewe, Melville alikufa 1973 na Decaë 1987, na studio yake ya Rue Jenner iliungua Juni 1967, wakati muvi hii bado inatengenezwa. Inasemekana ndege aliteketea humo. Ukuta ule hauko tena wa kulinganisha nao.