Maji Safi na Lile Neno la Pili

Mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam, mwenzangu wa chumba alinitazama nikicheka, akauliza, "Wewe wa Arusha, eti?" Sikuwa nimemwambia. Aliyasoma meno yangu. Tangu siku hiyo nikajifunza kucheka mdomo umefumbwa, na picha zangu za chuo zote zinanionyesha kama mtu anayeficha jambo.

Nimekulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kando ya mto wenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Wageni huiogopa rangi hiyo, lakini kinachotudhuru hakionekani kwa macho. Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana madini ya floraidi, na maji yanapopita humo huyabeba. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia. Yakizidi, kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Wapo watoto waliopinda miguu. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi hubaki. Mama alichemsha kila jioni, miaka yote.

Kwa hiyo ninachotaka kuhakiki hapa si riwaya. Ni sheria na viwango vya maji vya nchi yetu, ambavyo nimevisoma kama tulivyofundishwa kusoma hadithi: nani anatenda, nani anatendewa, nani hatajwi kabisa.

Nianze na sifa, maana zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hizi ni sentensi nzuri. Ukisimama kwenye daraja la Themi mjini Arusha, ukaona bustani za mboga, gereji na mifereji ya majitaka vinavyougombea ukingo, unaelewa ile mita 60 imeandikwa kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo ninapoanza kutilia shaka. Hadithi inayosimuliwa na sheria hizi ina mhalifu. Kuna mtu anayelima ukingoni, kiwanda kinachomwaga, mchimbaji wa mchanga. Kanuni ya mchafuzi kulipa inahitaji mchafuzi. Sasa mshtakini Meru. Mlima haukuomba kibali wala hauna ofisi ya kupelekewa hati ya kuitwa shaurini. Madhara yanapotoka kwenye jiwe, sheria iliyozoea kutafuta mkosaji hukosa pa kushika. Tunachobaki nacho ni namba.

Namba nazo zina hadithi yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya 1974 viliruhusu miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Sitaki kuwaonea walioiandika. Kama wangeandika 1.5, sehemu kubwa ya vyanzo vya kaskazini ingefungwa kwa kalamu, na watu wangekunywa yaleyale maji bila hata chanzo kinachotambuliwa. Namba 8 ilikuwa ukiri wa umaskini, na ukiri ni bora kuliko uongo. Ninachogomba nacho ni neno "muda". Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshaota meno yote ya ukubwani, pengine ameshazaa wa kwake, na neno bado linaitwa la muda. Baadaye kiwango kilishuka hadi 4, na sasa kiko 1.5. Ni hatua ya kweli. Lakini kalamu ikishusha kiwango, floraidi ndani ya ndoo haishuki nayo. Maji yaliyokuwa halali jana leo si halali, na bomba ni lilelile.

Nchi haikukaa bure. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa maji, ule unaojulikana kwa bilioni zake 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kupunguza floraidi ni moja ya malengo yake. Ila ndoo ya mkaa wa mifupa huchoka, lazima mkaa ubadilishwe, na nani anakumbuka? Tena mabomba ya jiji hayafiki kila kitongoji cha Arumeru.

Ndiyo maana narudi kwenye lugha. Tunayo kauli moja inayotamkwa kwenye kila jukwaa la maji: "maji safi na salama". Tumeizoea mno hata maneno mawili yamekuwa moja. Chini ya Meru yameachana. Maji yetu mengi yanang'aa kwenye glasi, ni safi kwa jicho lolote, na si salama. Kauli ile inamfundisha mama kuamini kwamba akiona la kwanza, la pili limekuja nalo. Sheria imetumia maneno yote mawili kwa usahihi. Sisi ndio tumeyafunga kamba.

Ningekuwa mhariri wa waraka huo, ningeongeza sharti moja fupi: kila kilula kiandikwe namba yake ya floraidi, kwa Kiswahili, kwa rangi isiyofutika, pamoja na tarehe ya kupimwa. Halihitaji mkopo mkubwa. Mama mwenye chanzo cha miligramu 2 na kingine cha 9 angejua kipi ni cha mtoto mchanga na kipi ni cha kufulia. Angefanya uamuzi ambao mama yangu hakupewa nafasi ya kuufanya.

Likizo iliyopita nilimkuta bibi akimnywesha mtoto wa dada yangu, ana miaka miwili. Nikasema, "Shikamoo bibi. Hayo ni ya wapi?"

"Marahaba. Ya bombani. Nimeyachemsha, mjukuu wangu, ni safi."

Nilitazama kikombe. Kweli yalikuwa safi.