Tafuta Mshono Kwanza

Wiki iliyopita niliwaona tena watu wazima wakilipigia makofi gamba jeupe la matundu ya Voronoi, lililochapishwa kwa printa ya 3D na kuitwa sanamu. Matundu hayo humtoka yeyote aliyepakua programu asubuhi na kubonyeza kitufe jioni. Msokoto, matundu na mawimbi ya Perlin peke yake havijawahi kuwa sanamu. Hilo silijadili.

Mjuzi hutafuta mshono. Printa inapofunga tabaka na kupanda jingine, pua husita, plastiki huvimba kidogo, na tabaka kwa tabaka kovu hujijenga toka nyayo hadi utosi. Mtazamaji husifu umbo na kovu hana habari nalo. Fundi mzembe huiachia programu ichague pa kulipitisha, nayo huipasulia sanamu uso katikati. Mjanja huamuru vivimbe vitawanywe kila mahali kama chunusi, kisha anakwambia ni ngozi ya sanamu. Fundi hasa huuwaza mshono tangu anaandika msimbo: huacha ukingo mkali au bonde la mkunjo ili kovu lijifiche humo, na umbo zima hulitii bonde hilo. Pitisha ukucha. Ukikwama shavuni, ondoka. Usipokwama popote, shuku zaidi. Namjua bwana mmoja aliyekuwa akisiliba pati, akipiga msasa na kupuliza rangi, halafu akiapa kwamba kazi imetoka mashineni vile vile. Aliuza sana.

Mwaka 1968, huko Chuo Kikuu cha Ohio State, msanii Charles Csuri alikokotoa uso kwa fomula za Bessel, akautia kwenye utepe wa matundu, na mashine ikauchonga katika mbao. Mashine ingeweza kuulainisha. Yeye akaamua alama za kisu zibaki. Nguzo ya mbunifu Michael Hansmeyer nayo, mita 2.7, ni mabamba ya milimita 1 yaliyokatwa kwa leza na kupangwa moja juu ya jingine, kila tabaka likihesabika.

Enzi za utepe muda wa mashine ulikuwa ghali, mtu akifikiri kabla ya kuwasha. Siku hizi kijana huzalisha maumbo elfu kabla ya chakula cha mchana. Muulize kwa nini amechagua mbegu hii, yaani namba ya kuanzishia umbo, na si ile. Akijibu “ilipendeza”, huyo ni mpakuaji tu.

Kabla hujatoa pesa, omba uonyeshwe kazi kabla haijapakwa rangi. Ukinyimwa, usinunue.