Sadaka na Daftari Lisilofutika

Wapo wanaotuambia kwamba dawa ya wizi wa misaada imepatikana. Wanaiita blokucheini: daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ambalo malipo yakishaandikwa humo ni vigumu sana kuyafuta. Tukitoa sadaka kwa sarafu za kidijitali kama bitkoini, wanasema, kila mtu ataona ilikokwenda. Sisi tunaojua uchungu wa kusikia kwamba mchango wa yatima umeliwa, hatuwezi kulipuuza neno hilo.

Wala uwazi si mgeni katika imani yetu. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito pamoja na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili pasiwe na lawama.

Hata hivyo, tupime. Mwaka 2017 mtu asiyejulikana alianzisha Pineapple Fund, akatoa bitkoini zaidi ya 5,000, zenye thamani ya dola za Marekani milioni 55, kwa mashirika 60 ya hisani. Ni ukarimu wa kushukuriwa. Lakini daftari lile huonyesha fedha ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine tu. Bitkoini ikishageuzwa kuwa shilingi, na shilingi kuwa unga, halioni tena. Kama mjane amekula au hakula, ni lazima mtu aende kumwona.

Mwaka huohuo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutumia daftari la namna hii katika kambi ya Azraq, Yordani. Mkimbizi kutoka Syria alinunua chakula kwa kutazama kifaa kilichosoma jicho lake. Gharama za benki zilipungua, na hilo ni jema. Ila tuweke mifano hii miwili pamoja: tajiri aliweza kuficha jina lake, maskini akatakiwa kutoa hata alama ya jicho lake ili apate mkate. Uwazi unaomwangaza mpokeaji peke yake haujawa haki.

Tena kuna hatari ya bei. Desemba 2017 bitkoini moja ilikaribia dola 20,000; Desemba 2018 ilikuwa chini ya dola 4,000. Usharika ambao ungeweka humo fedha za paa la kanisa ungebaki na mabati machache sana.

Hatusemi chombo hiki ni cha shetani. Atakayetoa kwa njia hiyo, pale sheria inaporuhusu, na atoe kwa moyo. Tunachokataa ni kuiachia mashine kazi tuliyopewa sisi. Mhazini asome hesabu mbele ya usharika, na washarika waulize bila kuogopa. Wazee wa kanisa wafike nyumbani kwa mjane, waketi naye, wasikie kutoka kinywani mwake kama msaada ulifika.