Timu Tano, Jumamosi Moja: Klabu ya Kriketi ya Sydney Inavyopangwa

Katika kriketi ya madaraja ya Sydney, Australia, klabu moja huteremsha uwanjani timu tano za wanaume kwa Jumamosi moja, kuanzia Daraja la Kwanza hadi la Tano. Hao ni wachezaji 55, na walio wengi wana kazi nyingine katikati ya wiki: mafundi umeme, walimu, makarani, wanafunzi wa vyuo. Wengi hulipa ada ili wacheze. Mashindano yalianza msimu wa 1893/94 kwa misingi ya mitaa, mchezaji akitakiwa kuichezea klabu ya eneo analoishi, na majina ya klabu bado yanaichora ramani hiyo: Manly, Mosman, Penrith, Bankstown, St George, Sutherland. Timu ya kwanza hugombea Belvidere Cup, na ndiyo inayotajwa magazetini. Lakini matokeo yake hutegemea sana mambo yanayoamuliwa katika timu nne zilizo chini yake, na mengi kati ya hayo huamuliwa kabla mpira haujarushwa.

Ratiba yenyewe inaonyesha hivyo. Klabu mbili hukutana katika madaraja yote kwa mkupuo mmoja, na kwa kawaida timu ya kwanza ikicheza nyumbani, ya pili huwa ugenini. Nahodha wa timu ya kwanza basi hawezi kumwona kwa macho yake kijana anayetajwa kuwa tayari kupanda kutoka timu ya pili, maana wote wako uwanjani saa zile zile, mitaa kadhaa mbali. Humjua kwa alama, kwa mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, na kwa maneno ya nahodha mwenzake. Ubora wa maneno hayo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyokiri.

Kamati ya uteuzi huketi baada ya mazoezi, na kazi yake ni mnyororo. Tuseme mpigaji wa kufungua zamu wa timu ya kwanza ameitwa na timu ya jimbo la New South Wales. Anayefungua katika timu ya pili anapanda, wa tatu anaingia nafasi yake, wa nne vivyo hivyo, na mwisho wa mnyororo yupo katibu wa klabu aliyeshika simu Ijumaa usiku akitafuta mtu wa kumi na moja wa Daraja la Tano. Nafasi moja imetikisa timu zote tano. Wakiitwa wawili na mwingine akaumia mguu, pengo linaloonekana dogo juu huwa shimo chini.

Ugumu zaidi ni kwamba nafasi hazifanani. Mlinda wiketi hawezi kuzibwa pengo lake na mpigaji yeyote aliye katika hali nzuri. Mrushaji wa mipira ya kuzungusha kwa mkono wa kushoto ni adimu, na klabu yenye wawili tu ikimpandisha mmoja, timu aliyotoka hubadili namna nzima ya kushambulia. Kamati nzuri kwa hiyo haiulizi nani amefunga mikimbio mingi wiki iliyopita. Huuliza amefunga dhidi ya warushaji gani, katika uwanja wa aina gani, akiwa ameingia wakati gani wa zamu. Mikimbio 40 ya Daraja la Pili iliyopatikana asubuhi mpira ukiwa mpya na pichi ikiwa na unyevu huwa na uzito kuliko 90 za alasiri dhidi ya warushaji waliochoka. Kamati mbaya husoma tarakimu tu, ikampandisha mtu na kumshusha kila wiki mpaka akapoteza mizani.

Kupanda kwa haraka kunawezekana, na mfano unaojulikana zaidi ni wa mpigaji Don Bradman. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia St George akitokea Bowral, mji mdogo ulioko zaidi ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Sydney, akisafiri kwa treni kuja kucheza Jumamosi na kurudi nyumbani usiku. Katika mechi yake ya kwanza ya Daraja la Kwanza, Novemba mwaka huo, alifunga mikimbio 110 dhidi ya Petersham. Wateuzi walikuwa wamemwona mazoezini wakamwamini. Baadaye ilikuwa kanuni ya makazi iliyomtoa St George na kumpeleka North Sydney.

Mwendo wa kinyume pia hutokea. Mwaka 2018 wachezaji wa timu ya taifa ya Australia, Steve Smith na David Warner, walifungiwa miezi 12 kucheza kimataifa na kimajimbo kwa sababu ya kuharibu mpira mjini Cape Town, wakabaki na kriketi ya klabu nchini kwao. Septemba mwaka huo Smith alifunga mikimbio 85 akiichezea Sutherland, na Warner akafunga 155 bila kutolewa kwa Randwick-Petersham. Umati ulikuja kuwatazama wao. Kwa upande wa uteuzi jambo lilikuwa kavu zaidi: nyota mmoja akirudi, yuko mtu aliyefanya kazi yote ya maandalizi ambaye sasa anacheza Daraja la Pili, na mnyororo unashuka hatua moja hadi chini.

Mechi za madaraja ni za aina mbili kuu: zile za siku moja, zenye idadi maalumu ya ova (mafungu ya mirusho sita), na zile za siku mbili, zinazochezwa kwa Jumamosi mbili zinazofuatana. Hizi za siku mbili ndizo zenye akili nyingi. Kwa kawaida kila timu hupata takriban siku moja ya kupiga. Timu inayoishinda nyingine kwa mikimbio ya zamu ya kwanza hupata pointi za kutosha; inayowatoa wapinzani mara mbili na kushinda mechi nzima hupata zaidi. Kati ya pointi hizo za aina mbili ndipo nahodha huonyesha ufundi wake.

Anayeshinda kura ya sarafu na kuamua kupiga ana njia mbili. Anaweza kupiga siku nzima, akarundika mikimbio na kuwaachia wapinzani mlima wa kupanda Jumamosi inayofuata. Njia hii ni salama, na ndiyo inayopendwa na manahodha waoga. Au anaweza kufunga zamu kwa hiari, kabla wapigaji wake wote hawajatolewa, saa moja hivi kabla ya jioni kuisha. Hapo wapinzani, waliokimbia juani siku nzima wakilinda uwanja, hulazimika kuvaa pedi na kukabili mpira mpya kwa miguu mizito na mwanga unaopungua. Mpira mwekundu wa Kookaburra, unaotumika Australia, husumbua zaidi katika ova zake za mwanzo, mshono wake ukiwa bado umeinuka; ukishazeeka, mshono hulala na mpigaji hupumua. Wiketi mbili za jioni hiyo, yaani wapigaji wawili kutolewa, zina thamani ya mikimbio 50 au zaidi, maana timu iliyozipoteza hukaa wiki nzima ikijua kwamba itaanza Jumamosi ya pili ikiwa nyuma.

Jumamosi ya pili ina mtego wake. Timu inayofukuza ikishapita jumla ya wapinzani, pointi za zamu ya kwanza ziko mfukoni. Muda ukiwa umebaki mchache, mechi hupoa. Lakini ikiwa timu iliyoanza kupiga ilitolewa mapema, tuseme kwa mikimbio 120 kabla ya chai ya siku ya kwanza, mambo hubadilika: wapinzani wanaweza kuipita jioni ile ile, kufunga zamu wakiwa na uongozi mdogo, na kuwa na siku nzima ya pili kutafuta ushindi kamili. Wapo manahodha wanaoendelea kupiga hapa ili wachezaji wao wanenepeshe wastani. Hilo ni kosa la wazi, na msimu mrefu huliadhibu.

Hali ya hewa huvuruga yote haya, kwa kuwa wiki moja inatenganisha nusu mbili za mechi. Timu moja yaweza kupiga chini ya mawingu na nyingine katika jua kali. Mvua ya siku nzima ya pili huifuta kazi ya siku ya kwanza. Pia, mchezaji aliyekuwepo Jumamosi iliyopita anaweza kuitwa na jimbo kabla ya hii. Kanuni huruhusu wachezaji wa namna hiyo kubadilishwa katikati ya mechi, hivyo uteuzi hauishi hata mechi ikiwa imefika nusu.

Mechi za siku moja hazihitaji maelezo marefu. Nahodha hugawa ova kwa warushaji wake huku akimhifadhi walau mmoja kwa ova za mwisho, na uamuzi wa kufunga zamu haupo.

Katika madaraja ya chini mambo ni ya mikono zaidi. Waamuzi rasmi huenda kwanza madaraja ya juu, na wanapopungua, wachezaji wa timu inayopiga husimamia wenyewe. Turubai za kufunikia pichi ni chache. Daraja la Tano humweka mtoto wa miaka 16 karibu na mzee aliyewahi kucheza la Kwanza, na huyo mzee hufundisha kwa kusimama slipu, kando ya mlinda wiketi, na kusema neno moja kila ova. Jumapili, vijana wenye umri chini ya miaka 21 hurudi uwanjani kwa Poidevin-Gray Shield, kwa hiyo mrushaji wa kasi mwenye miaka 19 anaweza kutakiwa siku zote mbili, na ova zake lazima zihesabiwe asije akaumia mgongo.

Mwisho wa msimu, kanuni humtaka mchezaji awe amecheza idadi fulani ya mechi katika daraja husika kabla ya kushiriki hatua ya mtoano, ili klabu isishushe nyota wake kunyakua kombe la chini. Ubingwa wa klabu nao hukokotolewa kwa kujumlisha pointi za madaraja yote, ya juu yakipewa uzito mkubwa zaidi. Hivyo klabu inaweza kutwaa Belvidere Cup na bado ikamaliza nyuma ya nyingine ambayo timu zake za tatu, nne na tano zilishinda karibu kila wiki.