Manyani wa Adili

Tukifika kwenye manyani, darasa hunyamaza. Hata wale wa dawati la nyuma, ambao kwa kawaida hungoja kengele tu, huinua vichwa.

*Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert kilichapishwa mwaka 1952. Nilikisoma kwanza nikiwa na umri wa miaka 12, nikakipenda kwa majini wake, bahari yake, na mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilikifungua tena ili niandae somo. Safari hii majini hawakunishika. Nilishikwa na Adili, mtawala mpole anayependwa na watu wake, ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili ilhali moyo wake hautaki.

Tazama ufundi wa mzee Shaaban. Kiini cha kisa kinatokana na Alfu Lela Ulela, lakini Kiswahili chake kimepikwa kikaiva. Anatuonyesha kipigo kwanza, sababu anaiweka akiba. Tunamhukumu Adili, kisha taratibu tunalazimika kuifuta hukumu yetu: manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, waliomtosa baharini kwa kijicho, na kipigo ni amri ya jini Huria. Majina yenyewe yametangaza nani mwema na nani mbaya. Mtoto hapotei njia. Ila akishajua mbaya ni nani, bado anamwonea huruma, na hapo ndipo hadithi inapoanza kumlea.

Siku moja binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwani anayepiga haumii?" Sikumjibu. Niliandika swali lake ubaoni, wakabishana mpaka kengele ikalia.

Tunakosea tunapodhani hadithi ya watoto ni uji wa kumlisha asiye na meno. Iliyo bora humwamini mtoto, ikamkabidhi jambo zito kwa maneno mepesi: kupenda aliyekudhuru, kutii amri inayokuumiza. Mtu mzima akiirudia, hukuta mzigo uleule unamngoja, na sasa ana mabega ya kuupima.

Nakala yangu imeachana na jalada. Nimeibandika gundi mara mbili. Ukurasa wa manyani ndio uliochakaa kuliko yote, na vidole vilivyouchakaza si vya wanafunzi peke yao.