Nani Hushukuriwa? Shukrani na Maisha ya Kila Siku katika Maandishi ya Misheni ya Rabai na Frere Town

Utangulizi

Uhakiki wa maandishi ya wamisionari waliofanya kazi Afrika Mashariki umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja, nalo ni iwapo mmisionari alikuwa wakala wa ukoloni au hakuwa. Swali hilo ni la haki. Okot p'Bitek katika African Religions in Western Scholarship (1970) na V. Y. Mudimbe katika The Invention of Africa (1988) wamelishughulikia kwa namna ambazo hatuna haja ya kuzirudia hapa. Hata hivyo, swali hilo lina upungufu wake. Linamwelekeza mhakiki kwenye kauli kuu za mmisionari, yaani mahubiri yake, nadharia yake ya uongofu na maoni yake juu ya mila za wenyeji, na kumfanya aziruke kurasa zinazosimulia homa, chakula, maji, wapagazi, ujenzi wa nyumba na mwalimu wa lugha.

Makala haya yanadhamiria kuzirudia kurasa hizo zilizorukwa. Dai letu ni kwamba maisha ya kila siku ya mmisionari aliyekaa ugenini miaka mingi hayawezi kueleweka bila ya kuchunguza shukrani, na kwamba shukrani katika maandishi haya si hisia tu bali ni kipengele cha fani. Tutaangalia kitabu cha Johann Ludwig Krapf kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, kisha kazi ya mwenzake Johannes Rebmann, na hatimaye Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), ambacho kimeandikwa kutoka upande wa pili wa uhusiano huohuo.

Shukrani kama kipengele cha fani

Kitenzi 'shukuru' hakikamiliki bila ya yambwa. Mtu humshukuru fulani, kwa jambo fulani. Kwa hiyo katika kila tendo la shukrani mhakiki anaweza kuuliza maswali matatu: nani anashukuru, nani anashukuriwa, na kwa lipi? Maswali haya ni mepesi, lakini yakiulizwa kwa makini katika maandishi ya misheni huleta majibu yasiyotarajiwa, kwa sababu aliyetenda jambo na anayeshukuriwa kwa jambo hilo aghalabu si mtu mmoja.

Chanzo cha hali hii ni mazingira ya uandishi wenyewe. Mmisionari wa karne ya 19 alikuwa mtu wa barua. Krapf na Rebmann walikuwa Wajerumani waliosomea Basel, lakini walitumwa na Church Missionary Society (CMS) ya Uingereza, na waliwajibika kuipelekea halmashauri ya London habari za kazi yao. Sehemu za habari hizo zilichapishwa katika majarida ya chama, likiwamo Church Missionary Intelligencer lililoanza mwaka 1849, ili zisomwe na waumini waliochanga fedha. Barua ya namna hii ina hadhira mbili zinazotajwa, Mungu na wafadhili, na shukrani inaelekezwa kwao. Ni stakabadhi ya kiroho: inathibitisha kwamba mchango umefika na kwamba mkono wa Mungu ungali juu ya kazi. Wenyeji waliomlisha, kumbeba na kumfundisha mwandishi hawamo katika hadhira hiyo. Wamo katika simulizi, lakini simulizi haisemi nao.

Krapf: neema na wenye mikono

Krapf aliwasili Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844 baada ya kufanya kazi Uhabeshi. Kitu cha kwanza alichopewa katika nchi hizi ni barua ya Sayyid Said, iliyomtambulisha kwa magavana wa pwani kama mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, na kuwataka wamtendee vizuri. Misheni ya CMS katika Kenya, basi, iliingia Mombasa kwa ruhusa na hisani ya mtawala Mwislamu.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alifariki Mombasa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Barua aliyoiandikia halmashauri baada ya msiba huo imetajwa mara nyingi katika historia za kanisa. Humo anaeleza kwamba kaburi la pweke lililoko pwani ya Afrika Mashariki ni ishara kwamba wakati wa kazi umewadia, kwa kuwa ushindi wa kanisa hupatikana kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Kwa upande wa fani, kifungu hiki kinageuza hasara kuwa neema, na kilio kuwa wito. Hatuna sababu ya kutilia shaka unyofu wake. Hata hivyo, lazima tutambue kinachotokea kwa maisha ya kila siku pindi mgeuzo huo unapofanyika: siku za ugonjwa, pamoja na watu wa Mombasa walioingia na kutoka katika nyumba ile, zinapotea mara kaburi linapokuwa ishara.

Tuchukue mfano mwingine. Mwaka 1846, baada ya Rebmann kufika, wamisionari hao wawili walikwenda Rabai kuomba mahali pa kujenga. Krapf anasimulia kwamba wazee walikubali, wakitoa hoja kwamba ikiwa ndege wana viota, basi wazungu nao hawana budi kuwa na nyumba. Jibu hilo ni kauli ya adabu ya ukarimu: mgeni hupewa makao kwa sababu kila kiumbe anastahili pa kulala. Msomaji wa Biblia hawezi kukosa kusikia ndani yake mwangwi wa maneno ya Injili kuhusu ndege na viota, maneno yaliyosemwa juu ya mtu asiyekuwa na pa kulaza kichwa. Wazee wa Rabai, pasipo kuisoma Injili hiyo, walitoa jibu lililoutibu upungufu unaotajwa humo. Hapa palikuwa na nafasi ya Krapf kuwashukuru wenyeji kwa tafsiri yao ya Maandiko. Badala yake ruhusa hiyo inahesabiwa kuwa mlango uliofunguliwa na Mungu.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1851. Krapf alisafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, kiongozi wa Wakamba aliyemkaribisha Kitui katika safari ya 1849, ile ambayo Krapf aliuona mlima Kenya. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alifika mtoni akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo. Yalipokwisha, kelele za tumbili zilimwelekeza kwenye mkondo mkavu wenye maji chini ya mchanga. Hizi ni kurasa bora kabisa za kitabu kizima kwa mtazamo wa usimulizi, kwa sababu mahitaji ya mwili yanaongoza kila sentensi. Shukrani kwa Mungu inajitokeza katika kila hatua ya kuokoka. Kivoi, ambaye bila yeye safari isingalikuwapo, na aliyelipa kwa uhai wake, anaombolezwa kwa kipimo kidogo kuliko tumbili wanavyofurahiwa.

Isidhaniwe kwamba tunamshtaki Krapf kwa utovu wa shukrani. Anamtaja Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa, kadhi wa Mombasa, aliyemsaidia kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844. Hoja yetu ni kwamba utanzu wenyewe ulikuwa na mkondo mmoja wa shukrani, nao ulikwenda juu na ng'ambo. Mwandishi aliyetaka kushukuru kando alilazimika kuuacha mkondo huo kwa muda.

Rebmann: mgeni asiyeondoka

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inafafanua tofauti iliyopo kati ya Krapf na Rebmann vizuri kuliko maelezo mengi ya kitheolojia. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na kitabu chake ni cha msafiri. Rebmann alikaa tangu 1846 hadi 1875, miaka 29. Jina lake linakumbukwa kwa siku moja, 11 Mei 1848, alipouona Kilimanjaro akiwa ameongozwa na Bwana Kheri. Lakini maisha yake hasa yalikuwa ya kukaa: mkewe Emma alifia Rabai mwaka 1866, waongofu walikuwa wachache mno, na macho yake yakapofuka taratibu.

Jembe alilokabidhiwa Rebmann lilikuwa kamusi. Kazi ya kamusi haina mlango unaofunguka ghafla wala kuokoka kwa muujiza. Ni neno moja baada ya jingine, na kila neno limetoka kinywani mwa mtu. Kamusi yake ya Kinyasa, iliyotolewa na Krapf mwaka 1877 baada ya kifo cha Rebmann, ilitokana na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa na kuuzwa hadi Mombasa. Rebmann alimtambua kama chanzo chake. Tendo hilo ni dogo, lakini linatofautiana kabisa na mkondo tuliouona. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alibakiwa na lugha, akaitoa, na aliyepokea akalitaja jina lake. Ingawa hivyo, jina moja pekee halitoshi kuwa malipo. Salimini alibaki mtumwa wa mtu alipokuwa akifundisha, na kamusi ilichapishwa Ulaya, mbali naye.

Mwaka 1875 Rebmann alirudi Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai, kwa kuwa hakuweza tena kuona njia. Alifariki mwaka uliofuata. Safari hiyo inastahili kuangaliwa na mhakiki kama picha iliyopinduliwa ya misheni nzima: mwongozaji ni Mwafrika, anayeongozwa ni mmisionari, na nchi ya ugenini ni Ulaya.

Mbotela: shukrani iliyozidi?

Uhuru wa Watumwa kinasimulia utekaji wa watumwa bara, safari ya kwenda pwani, kuokolewa kwao na manowari za Waingereza, na maisha mapya katika Frere Town, makao yaliyoanzishwa na CMS karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Mbotela alikuwa mwana wa mmoja wa watumwa walioachwa huru. Kitabu chake kimejaa shukrani kwa Waingereza na wamisionari, na ni kwa sababu hiyo wahakiki wengi wamekilaumu kuwa kibaraka wa itikadi ya kikoloni, hasa kwa jinsi kinavyowabebesha Waarabu lawama yote.

Lawama hiyo ina ukweli, lakini imetolewa kwa mizani isiyo sawa. Uhakiki umemlaumu Mbotela kwa kushukuru kupita kiasi, ilhali haujamuuliza Krapf kwa nini alishukuru wachache. Isitoshe, maswali matatu tuliyoyaweka mwanzoni yanaonyesha kwamba shukrani ya Mbotela ina msingi ambao ya Krapf haina. Mbotela anamshukuru aliyetenda: aliyevunja minyororo ya babake ndiye anayetajwa. Udhaifu wake haupo katika kushukuru. Upo katika kuichukulia shukrani kama hitimisho la hesabu, kana kwamba aliyeokolewa hana anachodai. Waliokolewa wakajengewa makao. Lakini wao pia ndio waliojenga, wakalima na wakafundisha. Kabla ya Frere Town kuanzishwa, Waafrika waliosomea Nasik huko Bara Hindi, kama William Jones na Ishmael Semler, walikwisha kuletwa Rabai mwaka 1864 kuitumikia misheni iliyokuwa ikidhoofika. Nani basi alimwokoa nani?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shukrani katika maandishi haya ina sarufi yake, na kwamba maisha ya kila siku ndiyo mahali ambapo sarufi hiyo huonekana kuwa imemwacha mtendaji nje ya sentensi. Jambo hili halihusu wamisionari peke yao. Taaluma yetu ya Kiswahili inasimama juu ya kazi zao. Tunapozisoma tungo za Muyaka bin Haji katika diwani iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940, tunategemea mkusanyiko wa mmisionari W. E. Taylor, na Taylor alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Mwanafunzi wa leo hulitaja jina la Hichens, mara nyingine la Taylor, na kwa nadra la Sikujua. Tukiendelea hivyo tutakuwa tumeurithi mkondo uleule tunaoukosoa kwa Krapf.

Kwa hivyo tunapendekeza kazi mahususi kwa watafiti wanaoinukia: kuyapitia maandishi ya misheni ya Rabai, Mombasa na Frere Town kwa nia ya kuorodhesha kila mwenyeji anayetajwa akitenda jambo, awe mpishi, mpagazi, mwalimu au mzee wa kaya, pamoja na tendo lake. Orodha hiyo haitabatilisha shukrani za wamisionari. Itazipa yambwa zilizokosekana.